Kukodi boti ya kuvua songoro pwani ya Kenya, tukitokea Kampala: tuulize nini kabla ya kutuma pesa?

ziwani_portbell

Salaam ndugu wa jukwaa. Tuko wanne hapa Kampala, sote tumezoea sangara, na tunataka kushuka pwani ya Kenya kukodi boti yenye nahodha kwa siku mbili. Tunayemtaka ni songoro (cobia kwa Kiingereza). Matangazo ya boti yanasema tu "nusu siku" au "siku nzima" na kuweka picha ya nduaro; songoro hatajwi popote.

Twende mwezi gani, na tushukie wapi? Tumuulize nahodha nini kabla ya kulipa? Na zana zetu za sangara zitafaa, au tutegemee za boti? Tuna rodi za futi 8, rili za saizi 8000 zenye mshipi wa kusuka wa paundi 65, na samaki bandia wa sentimita 15 kwenda juu.

---

kusi_na_kaskazi

Ssebo, nianze na swali la nahodha, maana hapo ndipo safari nyingi za songoro zinapoharibika, kabla hata boti haijawashwa.

Ukimwambia nahodha "tunataka siku nzima ya kuvua" bila kutaja samaki, atawapeleka nje ya mwamba kwenye kina kirefu na kukokota chambo bandia kutwa kwa mwendo wa maili 7 au 8 za baharini kwa saa. Hivyo ndivyo wanavyotafutwa nduaro, sulisuli na jodari, na wateja wengi wanakuja kwa ajili ya hao. Songoro ana tabia nyingine. Anapenda kukaa karibu na kitu: kichwa cha mwamba, meli iliyozama, boya, gogo linaloelea. Au anamfuata mnyama mkubwa, anaogelea chini ya tumbo la taa, papa au kasa kama chazo (yule samaki anayejibandika kwa wakubwa), na kwa mbali hata umbo lake linafanana na la chazo. Hana kibofu cha hewa, kwa hiyo hawezi kutulia majini bila kuogelea. Leo yuko juu ya mwamba fulani, kesho kahama. Anakula kaa, ngisi na samaki wadogo. Samaki wa namna hiyo hufuatwa kwa chambo hai, taratibu, kwenye mwamba. Siku ya kukokota kwa kasi itawapa songoro kwa bahati tu.

Kwa hiyo ujumbe wenu wa kwanza uandikeni hivi: "Tuko wanne, tarehe fulani. Tunataka kuvua kwa chambo hai kwenye miamba ya kina cha mita 15 hadi 50, shabaha yetu songoro. Boti ina tangi la chambo hai lenye pampu? Chambo anakamata nani, na saa ngapi? Tukimwona taa au kasa juu ya maji, utasimamisha boti tumtupie?" Halafu pimeni jibu. Nahodha anayemjua songoro atawauliza kuhusu maji kujaa na kupwa, atataja chambo, atasema wazi kwamba hakuna uhakika. Anayejibu "samaki wote wapo, tuma pesa", mwulizeni tena mara moja. Akirudia jibu lile lile, tafuteni mwingine. Anayewaahidi songoro kwa tarehe maalumu aachwe moja kwa moja.

Swali la tangi si dogo. Tangi lisilo na pampu ya kubadilisha maji linaua vibua, samaki wadogo wa chambo, ndani ya saa moja, na chambo kikifa, mpango mzima unageuka kuwa kukokota. Ombeni picha ya tangi. Mwenye tangi atawatumia bila shida.

Msimu: upepo wa kusi unachafua bahari kuanzia Aprili, na Mei hadi Julai ndiyo miezi mibaya kuliko yote. Boti nyingi za kukodi hupandishwa nchi kavu kipindi hicho kwa matengenezo. Kuanzia Agosti zinarudi majini taratibu, na kaskazi ikishika, yaani Novemba au Desemba mpaka Machi, bahari inakuwa ya kuvulika vizuri na maji yanakuwa ya joto. Mkiweza, epukeni wiki za Krismasi na mwaka mpya. Si kwa sababu ya samaki, ni kwa sababu boti zimejaa na nahodha hana nafasi ya kuwasikiliza.

Ndani ya msimu, tarehe ichaguliwe kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa ziwani wanasahau hili kwa kuwa Nyanza halina kujaa na kupwa. Pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, tofauti ya maji inafika karibu mita 4, na mkondo unakuwa mkali kiasi kwamba chambo hakikai chini hata ukikifunga risasi nzito. Bamvua huja siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Kwa chambo hai kwenye mwamba, chukueni siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili. Kalenda ya mwezi iko kwenye simu, na tarehe sahihi haiongezi gharama yoyote.

Watamu na Malindi zina boti nyingi zaidi, kwa hiyo mna uwezo wa kuchagua. Malindi ina faida nyingine: mto Sabaki unamwaga maji ya tope baharini upande wa kaskazini wa mji, na pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu samaki wadogo hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Mwulizeni nahodha kama anafanya kazi kwenye mstari huo. Shimoni inawapeleka karibu na mkondo wa Pemba, sehemu nzuri sana, lakini sifa yake kubwa ni nduaro na nahodha wa huko atavutika upande huo.

Jihadharini na mipaka. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ndani yake kuvua ni marufuku kabisa. Kisite kule Shimoni ni hivyo hivyo. Nahodha halali anajua mipaka na ana leseni ya boti na ya uvuvi wa michezo. Kuomba kuziona si kumkosea heshima.

---

fundi_rili

Nyongeza ya zana tu, mkuu hapo juu kamaliza mengine.

Rili zenu za 8000 zinatosha. Mshipi wa paundi 65 unafaa, mradi ziwepo mita 250 au zaidi kwenye rili. Rodi ya futi 8 ni nzuri kwa kurusha, lakini kwa kupigana na samaki aliye chini ya boti ni ndefu mno na itawachosha mgongo. Chukueni mbili za kurushia, na kwa chambo hai tumieni fupi za boti za futi 6 hadi 7.

Mwisho wa mshipi fungeni naironi au florokaboni ya paundi 60 hadi 80, urefu wa mita moja na nusu. Waya wa chuma hauhitajiki kwa songoro: meno yake ni madogo, yanakwaruza kama msasa, hayakati. Wanaokata ni nguru na mzia, nao wapo mwamba ule ule. Mkikatwa mara mbili mfululizo, wekeni kipande cha waya cha sentimita 20, halafu mkitoe wakishapita, kwa sababu songoro mkubwa akiona waya mara nyingi anageuka.

Ndoana: za duara, namba 7/0 hadi 9/0. Hapa mtu wa sangara lazima abadilishe mkono. Ndoana ya duara haipigwi. Samaki akichukua, acha mshipi ukaze wenyewe, kisha zungusha rili kwa mwendo mmoja mpaka rodi ipinde. Ukivuta kwa nguvu kama unavyompiga sangara, ndoana inatoka mdomoni bila kushika kitu. Ndoana za kawaida na jigi (ndoana yenye kichwa cha risasi) ndizo zinazopigwa.

Jigi za manyoya za gramu 60 hadi 110 ndizo chambo bandia bora kwa songoro anayeonekana juu ya maji. Samaki bandia wenu wataliwa pia, ila toeni ndoana za pembe tatu na kuweka moja moja nene ya maji chumvi. Zile za pembe tatu za maji baridi zinanyooka, na samaki akirukaruka ndani ya boti zinaishia mkononi mwa mtu.

Breki ya rili ipimeni nyumbani, msiiweke kwa kubahatisha. Chukueni mizani ya kuning'iniza ya ndoano, kama ile ya wauza nyama, fungeni mshipi kwenye ndoano yake. Mmoja ashike rodi kwa pembe ya kawaida ya kupigana, mwingine avute mizani polepole. Mshipi uanze kutoka mizani ikisoma kilo 5 hadi 6. Pale rili inapoanza kuachia, sikilizeni na mtazame mshale: ukiruka ghafla kutoka 4 hadi 8 kisha kushuka, visahani vya breki vimekauka au vina uchafu, na breki hiyo itakata mshipi samaki akianza mbio. Fungueni, safisheni, pakeni grisi ya breki. Mshale ukipanda taratibu na kutulia, rili iko tayari.

Chumvi: rili isiyozibwa vizuri inaanza kushika kutu usiku uleule. Jioni kazeni breki kabisa ili maji yasiingie kwenye visahani, mwagieni maji baridi kidogo kidogo (maji ya presha yanasukuma chumvi ndani), futeni, kisha legezeni breki. Sanduku la ndoana nalo lioshwe lote. Ndoana moja iliyolowa inaharibu zote.

Za boti zitumieni kwa chambo kizito, zenu kwa kurusha. Ila ulizeni mapema: boti nyingi zina rodi nene za kukokotea tu, na hizo kwa kurusha jigi hazifai hata kidogo.

---

mpaka_busia

Kwa upande wa safari.

Kitambulisho cha taifa cha Uganda kinatosha kuingia Kenya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mwe nayo mkononi, msiizike ndani ya begi.

Kubwa zaidi: MSIBEBE KAVEERA. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na adhabu si ya mchezo. Wavuvi tuna tabia ya kufungia kila kitu kwenye kaveera, kuanzia rili na ndoana hadi viatu vilivyolowa. Hamishieni vyote kwenye mifuko ya kitambaa na madebe yenye vifuniko kabla hamjafika mpakani. Na tangu Juni 2020 chupa za maji na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi kwenye hifadhi za taifa na fukwe zilizotengwa, basi bebeni chupa za chuma.

Kampala hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 650, Nairobi hadi Mombasa karibu 480, Mombasa hadi Watamu kama 110. Kwa basi mfululizo mtafika mmechoka, na mtu aliyechoka anachafukwa na mawimbi haraka. Afadhali basi hadi Nairobi, mlale, kisha treni ya asubuhi hadi Mombasa na matatu au teksi kwenda kaskazini. Wekeni siku moja tupu kabla ya siku ya boti. Mkiruka kwa ndege, ndoana, koleo na visu viende kwenye mzigo wa chini, na ulizeni urefu wa bomba la rodi unaokubalika kabla ya kukata tiketi, maana ndege ndogo za kwenda Malindi nafasi yake ya mizigo ni finyu.

---

ziwani_portbell

Nawashukuru sana. Yamebaki matatu. Malipo ya awali yawe kiasi gani? Mwenzetu mmoja huchafukwa hata na mawimbi ya ziwani, afanyeje? Na samaki tukimpata ni wa nani, tunaweza kurudi naye Kampala?

---

kusi_na_kaskazi

Bei kwa kawaida ni ya boti nzima, si ya kichwa, na nyingi hutajwa kwa dola, pauni au euro. Iombeni kwa maandishi, pamoja na haya: mafuta yamo? Chambo na barafu? Chakula na maji? Kodi? Boti inaondoka na kurudi saa ngapi, na saa zinahesabiwa tangu gatini au tangu mshipi wa kwanza kuingia majini? Kwa songoro hili la mwisho lina uzito, kwa kuwa saa ya kwanza yote huishia kwenye kukamata chambo. Ndiyo sababu nusu siku haifai. Ukitoa muda wa chambo na wa kwenda na kurudi, mnabaki na saa mbili au tatu za kuvua.

Malipo ya awali zaidi ya nusu msikubali. Pesa za simu zinavuka mpaka, lakini angalieni makato na kikomo cha siku. Tumeni kwa jina lile lile lililo kwenye risiti ya boti, si kwa namba ya "kijana wetu". Wale wanaowafuata ufukweni na kitabu cha picha wako wa kweli na wasio wa kweli. Anayejua kazi atawapeleka kwenye boti mkaione kabla ya kugusa pesa.

Sharti la hali ya hewa ndilo msilolisahau. Andikieni nahodha: "Wewe ukiamua bahari haifai, tunahamishia siku nyingine au unarudisha pesa?" Uamuzi wa kutotoka uwe wake, na msimsukume. Mkimlazimisha nahodha atoke kwenye upepo kwa sababu mmetoka mbali, mnanunua hatari wenyewe. Mkifika kwenye boti hesabuni majaketi ya kujiokolea, kila mtu avae lake aone kama linamkaa, na mwone redio ya baharini ikiwashwa.

Mkiwa wanne, majini wekeni mishipi miwili ya chambo na rodi moja ya jigi mkononi, basi. Chambo kimoja kiwe mita 2 au 3 juu ya mwamba na risasi ya kutosha kukabili mkondo. Kingine kielee mita 20 hadi 30 nyuma ya boti chini ya baluni. Mtu wa nne ni macho: asimame juu, avae miwani ya kukata mwako wa jua, atafute kivuli cha kahawia chini ya taa au kasa. Akimwona, jigi itupwe mita 2 au 3 mbele ya mnyama na ivutwe kupita mbele ya pua yake. Ikimwangukia kichwani, wote wawili wanazama na mmemaliza. Na songoro mmoja akinasa, msiondoe mishipi mingine haraka. Mara nyingi wenzake humfuata hadi ubavuni mwa boti, na jigi ikiwa tayari mnapata wa pili.

---

fundi_rili

Hapo pa mwisho paongezwe jambo moja, maana ndipo watu wanapoumia. Songoro hudanganya. Mara nyingi anakuja hadi kwenye boti akiwa mpole, kama amekata tamaa, na mtu anaona amemaliza. Hajaanza hata. Akiingizwa botini akiwa na nguvu zake, anavunja rodi, anapindua masanduku, na mgongoni ana miiba mifupi mikali saba hadi tisa. Akija mapema mno, nahodha asogeze boti mbele kidogo, samaki aende mbio tena mara mbili tatu. Atolewe akiwa amelala ubavu. Kama ni wa kula, ndoana ya kuopolea iingie karibu na kichwa, na sanduku la barafu liwe limefunguliwa tayari: samaki ndani, kifuniko chini, mtu akalie. Kama ni wa kuachiwa, tumieni wavu, ndoana itolewe akiwa bado majini.

---

dawa_na_ndimu

Kuhusu huyo mwenzenu: dawa ya kichefuchefu cha safari inywewe usiku wa kuamkia, kisha nyingine asubuhi saa moja kabla ya kupanda. Akinywa baada ya kuanza kutapika haisaidii, inatoka nayo. Zungumzeni na mfamasia Kampala, hasa kama ana presha au anatumia dawa nyingine, na aijaribu nyumbani siku ya mapumziko aone inavyomlaza. Asubuhi ale mkate mkavu au ndizi, asipande na tumbo tupu wala tumbo la chapati za mafuta. Kwenye boti akae katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi wa injini, atazame upeo wa macho, asishike simu. Na yeye asipewe kazi ya kufunga ndoana. Kuinamisha kichwa kwenye vitu vidogo ndiko kunakomaliza watu.

---

mpaka_busia

Samaki: boti nyingi za pwani zina desturi kwamba samaki anabaki wa boti na mteja anapewa kipande cha kula. Si wizi, ni sehemu ya kipato cha mabaharia. Lakini hutofautiana, kwa hiyo liwemo kwenye ujumbe wenu wa kwanza, pamoja na bakshishi ya mabaharia.

Kumrudisha Kampala siwashauri. Ni zaidi ya kilomita 1,200 na mpaka mmoja katikati, na barafu haitafika. Mleni huko huko. Atolewe damu mara moja kwa kukatwa matamvua, awekwe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, inapoza haraka kuliko barafu peke yake. Nyama yake ni nyeupe, nene, haivunjiki. Inachomwa vizuri na inastahimili mchuzi wa nazi. Ukimpelekea mpishi wa hoteli kabla ya saa tisa, jioni mnakula.